Maisha ya Bi Hakiki, Aliyekwenda Kulichunguza Somo la Kuchora

Mama tunayemsindikiza leo asingekubali wasifu wake usomwe bila mtu kuuliza, "Hayo mmeyatoa wapi?" Basi ijulikane kwamba yanayosomwa hapa yamethibitishwa na mdogo wake wa kike, na wanawe wawili, na mwalimu mkuu mstaafu aliyeketi pale mbele. Pale walipotofautiana, tumeacha.

Alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, mtoto wa tatu wa seremala na mshona nguo, katika chumba kilichokuwa nyuma ya karakana ya baba yake. Mdogo wake anasimulia kwamba tangu utotoni alikuwa hali chakula kabla ya kukigeuza kwa kijiko aone kilicho chini. Mama yao alikuwa akilalamika, "Mwanangu, mimi ndiye niliyekuzaa, nitakulisha nini kibaya?" Naye akijibu, "Sijasema ni kibaya. Naangalia tu."

Alianza shule mwaka 1959 na kumaliza darasa la saba mwaka 1965. Mwaka wake wa mwisho, mkaguzi alikuja kuitembelea shule, na asubuhi hiyo kila mwanafunzi alikuta kitabu kipya juu ya dawati. Mkaguzi akawauliza, "Je, vitabu vinatosha?" Darasa zima likaitikia ndiyo. Yeye akanyoosha mkono: "Samahani, unauliza vya leo au vya jana?" Alichapwa mkaguzi alipoondoka. Lakini vitabu havikurudishwa stoo.

Mwaka 1971 aliajiriwa kiwanda cha nguo, na muda si mrefu akapewa kazi ya kupekua wafanyakazi wa kike na magari langoni wakati wa kutoka. Huko ndiko alikopewa jina la Bi Hakiki, jina lililomganda mpaka wajukuu wakalitumia. Hakuwa na jeuri wala hakumdhalilisha mtu, ila hakuwa na jamaa langoni. Jioni moja alilisimamisha gari la meneja. Meneja akashusha kioo, "Unanijua mimi ni nani?" Akamjibu, "Nakujua, bosi. Buti ndilo silijui." Ndani mlikuwa na majora mawili ya kitambaa. Meneja alisema anapeleka sampuli kwa mteja, na labda kweli, lakini tangu siku hiyo alikuwa akifungua buti mwenyewe kabla ya kuambiwa. Bi Hakiki alistaafu mwaka 2006 bila doa.

Langoni hapo ndipo alipompata mume. Alikuwa dereva wa lori la kiwanda, mtu wa mzaha, na walifunga ndoa mwezi Desemba 1976. Marehemu baba alikuwa akisema, "Mwanamke huyu alikagua lori langu miaka miwili, akajua kabisa kwamba sina kitu, na bado akanikubali. Mapenzi gani mengine mnayataka?" Walijaliwa binti na mwana. Baba alitangulia mwaka 2009, na nyumba ikawa kimya. Wanawe wanakiri kwamba ukimya ule uliwatisha kuliko maswali yake yote.

Kilichomtoa nyumbani ni vidole vya mjukuu. Ilikuwa mwaka 2014, mtoto yuko darasa la pili, akarudi kutoka shule vidole vimejaa rangi ya samawati.

"Nani kakupaka rangi?"

"Babu wa Jumatano."

"Babu yupi? Babu yako tumemzika."

"Huyu anakuja kutufundisha kuchora. Anafundisha bure, bibi."

Neno bure lilimkosesha raha. Kesho yake alikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu kabla ya kengele.

"Huyo mzee analipwa na nani?"

"Halipwi, mama. Anajitolea. Nimemuulizia alikofanya kazi, wanamsifu."

"Mwalimu, mtu mzima anaacha kivuli cha kwake, anakuja kwa watoto wa watu, halipwi, na wewe umeridhika na sifa? Simba mwenda pole ndiye mla nyama."

Mwalimu mkuu alimwambia kama ana wasiwasi aje aone mwenyewe. Huenda alidhani anamaliza maneno. Jumatano iliyofuata Bi Hakiki alikuwa nyuma ya darasa, magoti yakigusa kidevu kwenye kiti cha mtoto, mkoba mapajani, macho hayapepesi.

Mzee aliyeingia aliitwa Fundi Brashi. Maisha yake yote alikuwa mwandishi wa mabango ya maduka, mpaka mkono wa kulia ulipoanza kutetemeka na mistari ikamkataa. Alimsalimu mgeni wake, akamtazama anavyotazama, akaelewa. "Mama, umekuja kunilinda?"

"Nimekuja kuwalinda hawa."

"Vizuri. Basi mlango ubaki wazi, nawe usikose."

Jibu hilo lilimzidishia mashaka. Asiye na hatia, alifikiri, angekasirika kidogo. Wiki zikapita yeye akichunguza. Alimuulizia kwa muuza rangi. Alimuulizia kwa dada wa mzee huyo. Akamtafuta hata mtalaka wake, ambaye alimwambia, "Alikuwa mchafu wa nguo na mbishi wa mezani. Mwizi hakuwa." Bado hakutosheka, kwa sababu jicho la langoni lilikuwa limeona jambo: mfuko wa Fundi Brashi ulikuwa mzito zaidi wakati wa kutoka kuliko wakati wa kuingia.

Jumatano moja alimngoja mlangoni mbele ya mwalimu mkuu. "Fundi, fungua mfuko."

Mwalimu mkuu akaona haya. "Mama, jamani!"

"Mwache," Fundi Brashi akasema, akaumimina mfuko juu ya meza. Vikatoka brashi zilizolowa, matambara yanayochuruzika na makopo ya maji ya rangi. Bomba la shule lilikuwa likikauka kila adhuhuri, na mzee alibeba uchafu wote kwenda kuuosha kwake. Bi Hakiki alipekua hadi tambara la mwisho. Kisha akauliza lile lililomleta tangu mwanzo.

"Unapata nini hapa?"

Mzee akanyoosha mkono wake, ukatetemeka hewani. "Huu umestaafu. Lakini ninayoyajua hayajastaafu, na nikibaki nayo nyumbani yananitesa. Hapa kuna mikono mingi isiyo na kazi."

Bi Hakiki akamrudishia mfuko. Alimwambia binti yake jioni kwamba maneno yanaelekea kuwa ya kweli, ila aendelee kuangaliwa. Majirani nao wakaanza kuwashuku wote wawili, hata binti mwenyewe akauliza, "Mama, kuna nini kati yako na huyo fundi?"

"Kuna meza."

Kosa lake kubwa, na mwenyewe alilisimulia kwa watu wengi, lilikuwa kwa msichana mmoja mnyamavu aliyekuwa amerudia darasa. Fundi Brashi aliweka jagi mbele wachore. Msichana hakulitazama hata mara moja, akawa anachungulia karatasi ya jirani. Bi Hakiki akasimama: "Huyu anaiba!" Darasa likacheka. Msichana akainamisha kichwa, machozi yakadondoka juu ya karatasi. Mwalimu wa darasa, ili kumaliza kelele, akamhamishia kiti cha mbele kabisa, karibu na jagi. Nusu saa baadaye jagi lilikuwa kwenye karatasi, na ufa wake, na kivuli chake.

Mwalimu wa darasa akashika mdomo. "Jamani, huyu mtoto haoni mbali. Mwaka mzima nilikuwa namwita mvivu."

Bi Hakiki alipiga magoti mbele ya msichana yule, mwanamke wa miaka sitini na tatu, akamwomba msamaha darasa likisikia. Kisha akaenda naye na mama yake kupima macho. Binti huyo yupo nasi leo, miwani usoni, na anasomea uuguzi. Amesema anamsamehe tena.

Fundi Brashi alipohamia mbali kwa mwanawe mwaka 2016, alimwachia Bi Hakiki brashi zote. Alizihesabu mbele yake, hilo mlitarajie. Hakuwa fundi wa kuchora; farasi wake walifanana na meza. Lakini alijua kumwambia mtoto, "Usiniambie unachodhani kipo. Angalia tena," na kwa miaka minane watoto waliangalia. Mwaka wa kwanza, baba mmoja alikutwa dirishani akichungulia, uso umekunjwa. Bi Hakiki alimfungulia mlango na kumvutia kiti. "Umechelewa, baba. Kaa hapa karibu, huko nyuma huoni vizuri."

Mwishoni mwa mwaka 2024 moyo wake ulianza kuchoka na miguu ikavimba. Alilazwa mara tatu. Wauguzi hawatamsahau. Kila dawa aliitaka kwenye pakiti yake, kila sindano ifunguliwe mbele ya macho yake, na daktari kijana aliulizwa alisomea wapi na nani anaweza kuthibitisha. Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 14 Agosti 2025, muuguzi aliingia na sindano, akasimama kando ya kitanda akingoja maswali kama kawaida. Mama akanyoosha mkono. Hakuuliza kitu. Binti yake akatoka nje kumpigia simu kaka yake, akamwambia, "Njoo sasa hivi." Kaka alifika mama akiwa bado hai. Mama aliondoka saa sita mchana, mikono yake ikiwa mikononi mwa wanawe.

Ameacha binti, mwana, mkwe mmoja wa kiume na mmoja wa kike, wajukuu watano, mdogo wake, na watoto wa Jumatano ambao baadhi yao sasa ni wakubwa kuliko sisi kwa kimo. Fundi Brashi ametuma salamu kupitia kwa mwanawe. Hawezi tena kusafiri.

Ardhi impokee kwa upole, na ile amani aliyoitilia shaka maisha yake yote, aikute huko kuwa ni ya kweli.