Mama Kimya Anahamia Benchi la Nje

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mkunga wetu mkuu anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili katika chumba cha kujifungulia. Jina lake halisi limo kwenye faili la utumishi. Sisi tunamwita Mama Kimya, ingawa sauti yake inasikika mpaka getini.

Jina hilo alilipata kwa jasho lake. Akishaweka kipembe chake cha mbao juu ya tumbo la mzazi ili asikilize moyo wa mtoto, hata chafya ni kosa. Mganga mkuu aliwahi kunyamazishwa katikati ya hotuba ya kupokea mashine mpya ya kupimia mapigo. Mashine yenyewe ilinyamaza wiki ya pili, bila kuambiwa.

Ndugu waliongoja kwenye benchi la nje nao walikuwa na sheria yao: hakuna kuuliza, habari hutoka na mtoto. Mashangazi, wakwe na waume wenye vyeo vyao walitafuna kucha, naye akawapita kama hawaoni. Tuliiona busara kubwa, hasa sisi ambao hatujawahi kukaa pale.

Kisha akaletwa binti yake. Mama Kimya akainama, akasikiliza, akatangaza kwamba moyo wa mtoto unakwenda mbio, chumba cha upasuaji kiandaliwe. Tukasikiliza upya. Mtoto alikuwa shwari. Uliokwenda mbio ni moyo wa bibi yake, ukimdunda masikioni. Tukamsindikiza benchi kwa heshima zote.

Haukupita muda, mapigo ya mtoto yakashuka kweli. Tukamgeuza mzazi ubavu, tukamwita daktari, tukapita mbio mbele ya benchi na vifaa mikononi. Mama Kimya akauliza kama mtoto anasikika. Hakuna aliyemjibu, tulikuwa watiifu kwa sheria yake. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mjukuu alipolia, bibi alilia kumshinda.

Tangu siku hiyo, kila alipomaliza kusikiliza alitoka mlangoni kuwaambia walio benchi: anasikika vizuri, au bado tunamwangalia. Kazi ikaongezeka, tukanung'unika, tukazoea.

Mama Kimya, asante kwa yote, hata kwa makaripio. Tunakutakia afya, usingizi na majirani wasio na kelele. Tumesikia binti yako ni mjamzito tena. Siku ikifika, njoo ukae benchi kama wengine, na unyamaze kama wengine. Nasi kila tukimsikiliza mtoto, tutatoka kukuambia.