Restuta wa Haneti na Mbwa Kumi na Saba Waliokaa Barabarani

Jumatano, tarehe kumi na mbili Machi, mwaka elfu mbili na ishirini na tano, saa nne asubuhi. Wasikilizaji wapendwa, ishikeni hiyo tarehe. Ndiyo siku mambo yalipoharibika. Siku hiyo, katika kijiji kimoja huko Haneti, mbwa kumi na saba walikaa katikati ya barabara, mbele ya gari la mheshimiwa, wakakataa kuondoka. Hawakubweka. Hawakung'ata mtu. Walikaa tu, mikia ikifagia vumbi, wakimtazama mheshimiwa usoni kama watu wanaosubiri sahani ya pilau.

Aliyewafundisha kukaa ndiye tunayemkumbuka leo: mama Restuta, mke wa Mzee Matonya, mama wa Anitha. Ametutoka akiwa na miaka hamsini na nane.

Mzee Matonya anafuga mbuzi. Shule aliishia darasa la nne. Kwake yeye mbwa alielewa lugha moja tu, fimbo. Ndiyo maana kila mbwa wake alitoroka. Wa mwisho alihamia kwa jirani, hatua thelathini tu, na kila asubuhi alimtazama Mzee juu ya ua kama hawajawahi kuonana.

Basi Restuta akaleta kitoto cha mbwa, mifupa mitupu, akakiita Bonge. Akafunga dagaa wakavu kwenye pindo la khanga, pale wanawake wengine wanapofunga hela. Bonge akiitwa akaja, anapata dagaa mmoja na neno tamu. Asipokuja, hapati kitu, wala hapigwi. Hiyo ndiyo shule yote, wasikilizaji. Dagaa na neno tamu.

Mzee aliungua moyo. "Mbwa apewe kitoweo kwa sababu amekaa chini? Mimi nimekaa na wewe miaka thelathini na nne, dagaa wangu yuko wapi?"

"Baba Anitha," Restuta akamjibu, "wewe lini umekaa ukatulia?"

Tatizo la Bonge lilikuwa wageni. Akiona mtu uani, anabweka mpaka anakohoa. Restuta akawaza. Mgeni mwema anaingia na salamu. Akamfundisha Bonge hivi: ukisikia "shikamoo", unakuja, unakaa, unapata dagaa. Wiki tatu tu, Bonge akashika. Majirani walipoona, wakaleta mbwa wao kila Jumapili baada ya ibada. Dagaa walitoka sokoni Majengo. Anitha, anayeishi mjini, Area D, alikuwa akiwatuma kwa basi, gunia zima, na kondakta alilalamika kila safari.

Ilikuwa raha. Ukisema shikamoo, mbwa anakaa, unapita salama. Wazee waliosalimia kwa Kigogo, "mbukwenyi", walibwekewa mpaka wakabadili lugha. Lakini hakuna aliyewaza, hata Restuta mwenyewe, itakuwaje siku kijiji kizima kikisema shikamoo kwa pamoja.

Siku hiyo ndiyo Jumatano ile. Mheshimiwa alikuja kuzindua bomba la maji. Jina lake tuliache lipumzike. Watoto wa shule wakapangwa mistari miwili. Gari likafika, mlango ukafunguliwa, watoto wakapaza sauti: "Shikamoo, mheshimiwaaa!"

Mbwa wakatoka kila ua. Wakafika. Wakakaa. Mbwa kumi na saba, Bonge mbele.

"Hawa wanataka nini?" mheshimiwa akauliza.

Restuta akajibu kutoka kwenye umati, kwa heshima zote: "Dagaa, mheshimiwa. Wewe umesalimiwa, wao wamekaa. Zamu yako."

Kijiji kikacheka. Mwalimu mkuu alicheka mpaka akashika mlingoti wa bendera. Na hapo ndipo palipoharibika, wasikilizaji, kwa maana mkubwa husamehe mengi, lakini kuchekwa hasamehe. Bomba lenyewe lilitoa maji siku mbili tu.

Chanjo ya mbwa Mzee Matonya aliiomba ofisi ya mifugo miaka miwili, akaambiwa subiri. Lakini barua ya ofisi hiyo hiyo kuhusu Bonge ilifika siku moja tu baada ya mheshimiwa kuchekwa. Ilisema Bonge ni kiongozi wa fujo. Ikifika Ijumaa, tarehe ishirini na tano Aprili, mwenye mbwa aonyeshe hadharani kwamba mbwa wake anamtii. La sivyo, Bonge apigwe risasi.

Restuta hakuifikia siku hiyo. Alifariki tarehe tisa Aprili. Daktari alisema ni presha.

"Presha ina mahali inakotoka," anasema Mzee Matonya. "Ya mke wangu ilitoka ofisini, ina muhuri."

Baada ya mazishi, mwenye mbwa akawa Mzee. Na Bonge hakumjua. Mzee akiita, Bonge analala. Akinyanyua fimbo, Bonge anaingia chini ya kitanda cha Restuta na hatoki. Nyumba nzima ilibaki na viumbe wawili, na hawasemeshani. Jioni Mzee alikaa mlangoni akihesabu: mke amekwenda, na Ijumaa wanakuja kumchukua huyu aliyelelewa na mkono wa marehemu.

Ijumaa ikafika. Bwana Seth, kijana wa ofisi ya mifugo, akaja na karatasi, na mgambo mwenye bunduki. Kijiji kikajaa uani.

"Mzee, mwite mbwa wako."

"Bonge! Njoo hapa, mpumbavu wewe!"

Bonge akapiga miayo.

Mzee akaita mara ya pili. Mara ya tatu. Mgambo akaishusha bunduki kutoka begani. Anitha akasema taratibu, "Baba, weka fimbo chini."

Mzee akaiweka. Akajitanda begani ile khanga ya marehemu, ambayo hakuiacha tangu msiba. Kisha mzee wa miaka sitini na sita, mbele ya watu wote, akainama kidogo na kumwambia mbwa kwa sauti laini ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kinywani mwake:

"Shikamoo, Bonge."

"Marahaba," akajibu Bwana Seth, kwa mazoea.

Watu wakaanguka kwa kicheko. Lakini Bonge hakucheka. Bonge alikuja, akakaa, akamtazama Mzee usoni. Sasa zamu ya Mzee, na mfukoni hana kitu. Mkono ukapapasa pindo la khanga. Fundo lilikuwa bado limefungwa. Akalifungua. Ndani, dagaa watatu.

Akampa mmoja. Bwana Seth akaandika: anatii.

Kwa Mzee Matonya, kwa Anitha, na kwa wote wa Haneti, poleni sana. Nasi tunaosikiliza, tuwatazame leo tunaoishi nao, wa miguu miwili na wa minne. Kuna aliyefanya vizuri tangu asubuhi, na hakuna aliyemwambia.

Juzi tulimkuta Mzee uani, Bonge miguuni pake. Anitha alikuwa akimtania: "Baba, ile chai ya sukari vijiko vitatu, Mama alikuwa anakupa lini?"

Mzee akafikiri. "Nikirudi na mbuzi bila kugomba."

"Na ukigomba?"

"Kijiko kimoja."

Anitha akaacha kucheka. Kisha Mzee akauliza:

"Sasa nikirudi bila kugomba, nani ataona?"