Mara Tatu, Injini Ikiwa Imezimwa

Tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi, Mzee Antipasi Mughwai anakabidhi spana zake katika karakana yetu hapa Singida mjini. Mimi Severina wa stoo ndiye niliyeombwa kuandika wasifu wake, na nitasema yote.

Mzee ni mwenyeji wa Issuna. Aliingia hapa mwaka 1989 kama mfagiaji, anaondoka fundi mkuu. Alichelewa mara moja tu, tena harusini kwake mwenyewe, maana alikuwa bado yuko chini ya lori. Chai yake ni vijiko vitano vya sukari, na asiyemwamkia shikamoo haazimwi spana, hata awe meneja.

Umahiri wake ni magari ya otomatiki, hasa ile sahani nyembamba ya chuma inayounganisha injini na gia boksi. Wengine tunakaza bolti kwa nguvu za ugali. Yeye hukaza kwa spana ya kipimo, moja huku, nyingine ng'ambo yake, kisha kila bolti huipiga alama ya rangi nyeupe. Akimaliza huzimisha redio, kompresa na midomo yetu, akaweka sikio kwenye boneti. Tulimcheka sana.

Mwaka 2016 gari la Idrissa, mfanyabiashara wa alizeti, liligonga mara tatu ndani, injini ikiwa imezimwa. Sote tulisikia. Idrissa peke yake hakusikia kitu. Alimtania Mzee kwamba masikio yamezeeka, akawasha, akaelekea Kiomboi. Hakufika. Jamani, alikuwa mcheshi yule, na mpaka leo naumia.

Miaka mitatu baadaye gari la wagonjwa likagonga vilevile. Dereva wake, Nathan, aliapa hasikii lolote, na huko Mtinko mama mjamzito alikuwa anasubiri kuwahishwa hospitali. Mzee akalala chini mbele ya matairi. Tukafungua. Sahani ilikuwa mpya, imekuja na utando wake wa kuzuia kutu, lakini fundi mwenzetu Calist, akihofia upepo wa chumvi wa ziwani, aliipaka rangi nzito juu yake, hadi pale bolti zinapokalia. Rangi ilibanwa ikasinyaa, bolti zote zikazunguka kwa vidole. Tulikwangua, tukafunga upya, Nathan akawahi. Mtoto yule anaitwa Antipasi.

Tangu siku hiyo tunajua kwamba asiyesikia ndiye anayeambiwa.

Sasa, gari la karakana lililopangwa kumpeleka Mzee nyumbani Issuna linagonga tangu Jumatatu. Mara tatu, kimya, mara tatu. Tumelifungua mara mbili na hatukukuta kasoro. Alama nyeupe zimenyooka, hakuna bolti inayocheza. Calist amesikia. Meneja amesikia. Mimi nimesikia nikiwa stoo, mlango umefungwa. Tukamwita Mzee. Aliweka sikio kwenye boneti muda mrefu, akainuka akitabasamu, akatuambia liko kimya kabisa.

Mzee wetu, asante kwa kila uliyemfikisha salama, na kwa masikio uliyotuazima miaka yote hii. Tumekukatia tiketi ya basi, kiti cha dirishani, na funguo za gari nimezifungia stoo. Tunakutakia maisha mema, tena marefu. Tafadhali, Mzee, safari hii usibishe. Panda basi.