Dereva Kazimia Kidogo Tu

Benchi liko nje ya kibanda cha fundi redio, ng'ambo ya barabara kutoka geti la shule. Saa saba na nusu mchana, dereva wa basi la shule alipoteza fahamu hapo akiwa ameshika kikombe cha kahawa. Hakupiga kelele. Kilianguka kikombe, kisha kichwa. Fundi redio, waliyembandika jina la Profesa, na fundi viatu, anayeitwa Hakimu, walimkamata mabega wakamshikilia wima katikati yao, wapita njia wasije wakadhani kuna maiti. Sasa amezinduka. Shati limelowa maji waliyommwagia. Saa nane anatakiwa kuwarudisha watoto arobaini makwao.

— Ni joto, alisema Profesa. Redio ikichemka inajizima yenyewe. Ukiiacha ipoe, inaimba.

— Redio haina damu, alisema Hakimu. Huyu damu imeshuka miguuni. Viatu vinambana. Tangu juzi namwambia alete nivipanue.

— Ikishuka miguuni si ndiyo vizuri? Mguu ndio unakanyaga breki.

— Wewe kuna siku utaua mtu.

— Kila mtu anazimia, Hakimu. Ukipepesa macho, hapo umeshazimia. Mwenzetu kapepesa kwa kirefu.

Dereva alikuwa anatazama mikono yake.

— Kwani nilisema kitu? aliuliza.

— Ulikoroma, alisema Profesa.

— Hakukoroma, alisema Hakimu. Ile ni sauti ya benchi.

— Tumuulize basi anajisikiaje, alisema muuza kahawa, aliyesimama na birika lake kando ya benchi.

— Mwache, alisema Hakimu. Mgonjwa haulizwi uji. Mtilie nyingine, sukari ijae.

Matroni wa basi alivuka barabara, orodha ya watoto mkononi.

— Kaka, twende ukawashe gari. Mbona umelowa?

— Kazimia kidogo tu, shemeji, alisema Profesa. Tumeshamweka sawa.

— Ndiyo mara ya kwanza?

Profesa alimtazama Hakimu. Mwaka wa sita huu wanakaa na dereva benchi moja.

— Ya tatu, alisema dereva.

— Zile mbili ulikuwa wapi?

— Moja bafuni.

— Na ya pili? aliuliza matroni.

— Nyingine kwenye taa za barabarani. Nilikuwa na watoto. Walidhani nasubiri taa ya kijani.

Muuza kahawa aliweka birika chini.

— Ulikaa hivyo muda gani? aliuliza matroni.

— Mwenye kuzimia atajuaje, dada yangu? Nilishtuliwa na honi za nyuma.

Matroni aliwageukia wengine.

— Na leo? Ninyi mlikuwa macho. Kakaa muda gani?

Hakimu alitazama saa yake. Yeye na Profesa walikuwa wameshika mabega, macho kwa wapita njia; muuza kahawa alikuwa akitafuta maji. Hakuna aliyekuwa akimtazama dereva.

Kengele ya shule ililia.

— Nishikeni, alisema dereva. Nisiinuke.