Sanduku Alilolibeba Émile kwa Mdomo

Mtaa wa Kamalondo, Katanga, mwaka wa sitini na mbili, mwezi wa sita, baridi inakata masikio. Benchi la mama Clotilde pale kona lilikuwa limejaa tangu asubuhi, maana kahawa yake ilikuwa ya moto na kazi hakuna. Vita ya Desemba imepita, nyingine inanukia, na jeep ya majandarme, askari wa Katanga, imesimama mbele ya duka la Mgiriki, injini inanguruma. Siku zile Katanga ilipojitenga, mtu alikuwa anayatafuna maneno yake mara mbili kabla ya kuyatoa, hasa akitaja Baluba wa Kasai, watu waliohesabiwa maadui, waliokuwa wamekimbilia kambini kwa ONU, askari wa Umoja wa Mataifa. Lakini wapi! Wanaume watatu wa benchi lile walikuwa wanamgombania Muluba, tena marehemu: Lucien Gita, kijana aliyekuwa akipiga gita mpaka wamama wanaunguza bukari, ugali wao, jikoni. Ndugu zake walipokimbia, yeye alikataa. “Bantu ya Kamalondo watanifanya nini? Si wananipenda?” Desemba akapigwa risasi njiani, na mpaka leo hakuna aliyejua ni ya nani.

— Ile risasi haina maana, alisema Stanislas. Walimwita Journal, yaani gazeti, kwa sababu habari zake zote ni za jana. — Ni sumu! Mupiga ngoma wake alimuwekea mu pombe, kidogo-kidogo, mwezi muzima. Bakubwa balisema: haba na haba hujaza kibaba!

— Sumu gani? akamkata Mwape, aliyewahi kuwa shefu wa wapagazi pale stesheni na bado anaamrisha kila mtu. — Weye unajua kusoma, haujue bantu. Lucien alikuwa na mamba muntu, ule mwanamuke wa mu mayi. Njo yeye alimupa vile vidole vya gita. Akamwambia: hapana kuoa! Yeye akaanza kutafuta bibi. Basi, akamukamata. Mwenda pole hajikwai!

— Mamba muntu anapiga bunduki?

— Bunduki ni ya kudanganya bantu kama weye!

— Mushushe sauti, alisema mama Clotilde, jicho kwenye jeep.

Journal hakushusha kitu.

— Bon, basi nitasema yote. Lucien hakufwa. Bazungu balimupandisha ndege pa Luano. Iko Bruxelles, banapima vidole yake. Mu sanduku baliweka mawe tu.

— Mawe? Émile, wa tatu wao, akaruka, kahawa ikamwagika gotini. — Miye nilibeba ile sanduku! Bega hii hapa! Muntu alikuwa ndani, tena muzito!

Wakainamisha vichwa kwa heshima. Émile Sindano, fundi wa nguo, alijisikia vizuri, halafu vibaya, kama kila mara. Kwa sababu hakubeba sanduku. Hata makaburini hakufika. Siku ya mazishi alijifungia ndani. Wiki mbili baadaye, pombe ikiwa kichwani, akasema alibeba. Watu wakampa mkono, na tangu hapo amelibeba mara mia, kwa mdomo.

— Papa Sindano ni nani?

Waligeuka. Mwanamke kijana, kitenge kimefunika kichwa, alikuwa amesimama nyuma yao na kikombe mkononi. Wala hawakujua kwa muda gani.

— Ni miye, mama.

— Jina yangu ni Mujinga. Lucien ni kaka yangu, tulitoka tumbo moja.

Lafudhi ya Kasai, wazi kabisa, mchana kweupe! Mwape alisogea na bega lake pana akaziba njia ya macho kutoka kwenye jeep.

— Mama, unatafuta kufwa?

— Nilitoka ku kambi alfajiri. Kesho treni inatupeleka Kasai, hatutarudia tena. Ku kambi banasema fundi mumoja wa Kamalondo, Papa Sindano, alibeba sanduku ya kaka yangu. Nilikuya kusema aksanti.

Akapiga magoti pale pale vumbini, akapiga makofi polepole mbele ya Émile, kama anavyoshukuriwa mkubwa. Jandarme mmoja alikuwa ameshuka kwenye jeep, anakuja kona kununua sigara. Mwape akacheka kwa nguvu, kama anaongea na shemeji yake:

— Simama, mulamu! Dada yako alishasamehe, mambo ya nyumbani tutasema ku nyumba!

Jandarme aliwatazama mmoja mmoja. Akawasha sigara. Akarudi.

— Sasa, papa, alisema Mujinga akiinuka, unionyeshe kaburi yake. Mama yetu hataniuliza kintu kingine.

Rahisi! Makaburini kulikuwa na vilima vya udongo vya Desemba visivyo na msalaba, tele. Angemwonyesha kimoja, dada angelia, angepanda treni, mambo yangekwisha. Émile alisimama, akavaa kofia.

— Ni mbali?

— Hapana mbali.

— Ulisema alikuwa muzito. Aksanti, papa. Mama aliogopa alikufwa na njaa.

Émile akakaa tena. Akavua kofia.

— Mama, nilidanganya. Sikubeba. Siku ile nilisikia mukokoteni unapita, nikachungulia mu tundu ya mulango. Gita ilikuwa juu ya sanduku. Majandarme balikuwa pa kona, balikuwa banaangalia nani anafuata. Niliogopa. Nilisema: Mwape ataenda.

Mwape alitazama viatu vyake.

— Miye nilisema Journal ataenda.

— Miye... Journal alisogeza kikombe chake. — Miye nilisema, muntu kama Lucien hawezi kukosa bantu.

Mujinga hakulia. Ingekuwa heri angelia, au angewatukana mpaka wakome.

— Mukokoteni, alisema. Nani alikuwa anasukuma?

— Sikuona uso, mama.

— Mwanaume? Mwanamuke?

— Alikuwa ameinama.

— Basi kaka yangu, mulimupenda hivi wote, nani alimuzika?

Mama Clotilde alifunika birika, ingawa kahawa bado ilikuwepo. Mujinga akaweka kikombe benchini, akakaza kitenge, akavuka barabara, mbele ya jeep, bila kuharakisha, mpaka kwenye benchi la watengeneza baiskeli. Wakamsikia anauliza upya, safari hii kwa sauti kubwa. Mwanaume mmoja upande ule akainuka haraka, kama Émile alivyoruka kwa ajili ya sanduku, akamvulia kofia.

— Lucien Gita? Eh, maskini! Ule njo miye nilimuzika, na hii mikono yangu. Kaa, mama, kaa, nikuelezee.