Ngozi Haiui Mtu

Tukiwa tumebanana nyuma kwenye pikapu ya abiria iendayo Kasulu, binti anayemaliza udaktari alikuwa akimweleza mama muuza maharage: "Wodi za lazima nimezunguka zote. Imebaki zamu moja ya kuchagua mwenyewe. Nitakwenda kliniki ya ngozi, halafu niombe kusomea ubingwa wake."

"Nenda wodi ya wazazi, mwanangu. Tangu wakimbizi waje imefurika, na wanawake wetu wanafia njiani. Ngozi haiui mtu."

Mimi nilishampa mama ushindi.

Tukasimama Titye. Akapanda mzee mwenye mabaka meupe usoni na mikononi. Benchi lililokosa hata pa kuweka kiwiko likapata nafasi ya watu wawili. Mama ndiye aliyejitenga naye wa kwanza.

"Shikamoo, mzee. Kaa hapa," binti alisema.

"Marahaba," akajibu, akishika bomba la pikapu. "Nimezoea kusimama."