Asubuhi ya Kwanza Bila Kofia

Benchi ya kibanda cha Wanjugu pale Manyatta hukaa watu watatu, wanne wakibanana. Kahawa huku hulimwa ya kuuza nje, kwa hivyo Wanjugu hupika chai, na hakuna anayelalamika. Jumatatu hiyo wa tatu alikuwa Njoka, chifu aliyestaafu Ijumaa. Aliamka saa kumi na moja kama kawaida, akapiga pasi suruali ya kaki, ndipo akakumbuka hana baraza. Akaanza kukagua sufuria za mkewe. "Baba Wawira, si utoke kidogo," mkewe akamwambia. Akatoka.

— Kazi ya Rais mimi sitaki hata nikipewa, alisema Ireri, fundi wa baiskeli aliyejiita Injinia. Huli githeri mpaka mtu aionje kwanza.

— Kuonja ni nini? alisema Mwaniki, waliyemwita Katiba kwa kubishia kila kitu. Huyo huoga na askari wawili. Mmoja ameshika sabuni.

— Na haoni haya?

— Mficha uchi hazai, wahenga walisema.

— Hata viatu vyake vipya vinavaliwa na mtu mwingine wiki nzima, vilegee.

— Viatu tu? Akiamshwa usiku kwa simu, kuna waziri anabaki akimmalizia ndoto.

Injinia akageuka.

— Chifu, wewe umekuwa serikali. Sema.

Njoka alisikia raha. Tangu Ijumaa hakuna aliyemuuliza kitu.

— Ni mzigo, alisema, akikaa wima. Kila mtu anakungoja. Ukikohoa tu, baraza lote linanyamaza.

Rwamba, mwalimu aliyehamia shule ya hapo juzi, alikuwa amesimama akingoja mandazi.

— Na Rais akishastaafu? aliuliza. Ile asubuhi ya kwanza, akiamka, anaenda wapi?

— Si ana gari, alijaribu Injinia.

— La kwenda wapi?

Njoka peke yake alijua jibu, na lilimuuma. Mkono wake ulikuwa umeshafika kichwani kunyoosha kofia ya uchifu, na kofia haikuwepo. Akajikuna.

— Wanjugu, alisema polepole. Hapa watu huanza kuketi saa ngapi?

— Saa kumi na mbili, chai ikichemka.

— Kesho nitakuja.

— Kuja mapema basi, mzee, alisema Wanjugu akimwongezea chai. Ukichelewa utasimama kama raia yeyote.